UFUNDI NA ELIMU: Kipande Chenye Mistari ya Rangi

Katika barua zilizonifikia juma hili mna moja iliyotoka kwa baba mmoja akaaye Pipeline, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, nayo yafaa ijibiwe hadharani, kwa sababu jambo lililompata yeye huwapata wengi. Anasema ya kwamba redio yake ya nyumbani, ile itumiayo umeme wa ukutani, ilinyamaza ghafula. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Fundi akaifungua, akamwonyesha kipande kidogo mfano wa punje ya mchele, kilichoungua hata kikawa cheusi kama kaa. “Hiki ndicho kilichokufa,” akasema, akakikata, na mahali pake akalehemu kijiti cha waya mtupu. Redio ikaimba siku mbili. Siku ya tatu ikatoa moshi mbele ya watoto, na ukuta ulio nyuma yake ukaingia weusi.

Baba huyo anauliza mambo mawili. Kwanza, je, nilidanganywa? Pili, je, mtu asiye fundi aweza kujua lolote juu ya vipande hivi, au ni mambo ya wataalamu tu?

Mimi ni karani, wala si fundi wa redio. Lakini mambo haya yamo katika somo la fizikia la shule ya sekondari, na mtu ajuaye kusoma na kugawanya hesabu aweza kuyafahamu. Basi nitaanza na swali la pili, maana jibu lake ndilo litakalotupa jibu la kwanza.

Kipande hicho kidogo chaitwa rezista. Kazi yake ni moja tu: kupunguza mkondo wa umeme usipite zaidi ya kiasi kinachotakiwa. Ili kulifahamu jambo hili, mkazi wa Pipeline na atazame juu ya paa la jumba analokaa. Huko juu mna matangi ya maji, na kutoka kwenye tangi mabomba hushuka hata kwenye vyumba. Kadiri tangi lilivyo juu, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu. Nguvu hiyo ya msukumo, katika umeme, twaipima kwa volti. Wingi wa maji yanayopita katika bomba kwa kila nukta ya saa ni mfano wa mkondo wa umeme, nao twaupima kwa ampea. Na bomba likiwa jembamba, maji hupita kidogo hata kama tangi liko juu sana. Wembamba huo ndio ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Rezista, basi, ni kama kipande cha bomba jembamba kilichotiwa makusudi katika njia ya maji. Mkulima amwagiliaye shamba lake kwa mifereji anayajua haya pasipo kufundishwa: akitaka maji machache yaingie katika tuta la mboga, huupunguza mlango wa mfereji.

Aliyeonyesha jinsi vitu hivi vitatu vinavyofungamana ni Mjerumani mmoja, Georg Simon Ohm, aliyezaliwa mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli aliyejisomea mwenyewe, akawafundisha wanawe hisabati nyumbani. Ohm akawa mwalimu wa shule katika mji wa Cologne, na mwaka 1827 akatoa kitabu chenye kanuni yake. Wengi wa wataalamu wa kwao hawakukijali. Lakini mwaka 1841 chama cha wataalamu cha Royal Society cha London kilimtunukia nishani yake kubwa, nishani ya Copley. Leo jina lake limekuwa kipimo cha ukinzani katika dunia nzima.

Kanuni yenyewe ni fupi: chukua volti, gawanya kwa omu, utapata ampea. Au ukijua volti na ampea, gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Hakuna zaidi. Na tuitumie mara moja, maana elimu isiyotumiwa ni kama jembe lililoning'inizwa ukutani.

Una betri ndogo ya volti 9, nawe wataka kuwasha kijitaa chekundu cha LED. Kijitaa hicho hutumia volti 2 hivi, na mkondo unaokifaa ni ampea 0.02, yaani miliampea 20. Ukikifunga moja kwa moja kwenye betri, mkondo utazidi mno. Kitang'aa mara moja kisha kitakufa. Yahitajika rezista ya kuzichukua volti zilizobaki. Tisa toa mbili ni saba. Volti 7 ukizigawanya kwa ampea 0.02, wapata omu 350. Sasa, katika madaraja ya kawaida ya rezista zinazouzwa madukani hakuna ya 350. Iko ya 330 na iko ya 390. Chagua ile kubwa, ya 390, maana kuzuia zaidi kidogo ni salama kuliko kuzuia pungufu. Mkondo utakuwa miliampea 18 hivi, na jicho lako halitaona tofauti.

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Rezista ikizuia umeme hupata joto, kama mkono unavyopata joto ukisuguliwa. Joto hilo hupimwa kwa wati: zidisha volti kwa ampea. Katika mfano wetu ni volti 7 mara ampea 0.018, nazo ni kama thumuni ya wati. Rezista ndogo za kawaida huvumilia robo ya wati, kwa hiyo hapa hapana hatari. Lakini mtu akitia rezista ya robo wati mahali panapohitaji wati mbili, itaungua, hata ikiwa hesabu ya omu ni sahihi. Kwa hiyo kila rezista ina majina mawili, omu zake na wati zake, na fundi asiyeuliza la pili amejua nusu tu.

Utajuaje omu za kipande ambacho hata herufi hazienei juu yake? Hapo ndipo mistari ya rangi inapofanya kazi. Kila rangi ni tarakimu. Nyeusi ni 0, kahawia ni 1, nyekundu ni 2, rangi ya chungwa ni 3, manjano ni 4, kijani ni 5, buluu ni 6, zambarau ni 7, kijivu ni 8, na nyeupe ni 9. Mwenye kutaka kukumbuka na akumbuke ya kwamba kutoka nyekundu mpaka zambarau rangi zafuata mpango wa upinde wa mvua. Nyeusi na kahawia zimetangulia kwa kuwa ni za giza, kijivu na nyeupe zimefuata kwa kuwa ni za mwanga.

Katika rezista yenye mistari minne, mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu waonyesha idadi ya sifuri zinazofuata, na wa nne, ambao aghalabu ni wa rangi ya dhahabu au fedha, waonyesha kadiri ambayo kipande chaweza kupungua au kuzidi. Dhahabu ni asilimia 5, fedha ni asilimia 10. Ishike rezista ule mstari wa dhahabu ukiwa upande wako wa kuume, kisha usome kutoka kushoto. Kahawia, nyeusi, nyekundu: moja, sifuri, kisha sifuri mbili, yaani omu 1,000. Rangi ya chungwa, nyeupe, kahawia: tatu, tisa, kisha sifuri moja, yaani omu 390, ile tuliyoitafuta hapo juu. Ziko pia zenye mistari mitano, ambamo mitatu ya kwanza ni tarakimu. Na katika simu na vyombo vingine vya siku hizi mna rezista ndogo kama chembe ya chumvi. Zile ambazo nambari hupata nafasi juu yake huandikwa, nazo husomwa kwa mpango ule ule: 103 maana yake ni kumi na sifuri tatu, yaani omu 10,000.

Sasa, msomaji mwenye akili atauliza hivi: kama rezista imeungua hata ikawa kaa, rangi zake zitasomwaje? Hilo ndilo swali kubwa kupita yote, na jibu lake ni mchoro wa saketi.

Saketi ni njia ya umeme iliyo kamili, itokayo kwenye betri au soketi, ikapita katika vyombo, ikarudi ilikotoka. Mchoro wa saketi ni ramani ya njia hiyo. Wala si picha. Yeye atazamaye mchoro huku akitafuta sura ya redio yake hataiona, kwa kuwa mchoro hauonyeshi kipande kipi kiko karibu na kipi, wala ukubwa wake, wala rangi yake; waonyesha tu nini kimeungwa na nini. Mwaka 1933 mjini London ilitolewa ramani ya reli za chini ya ardhi iliyochorwa na Harry Beck, mchoraji wa mitambo, naye aliacha masafa na kona za kweli, akaonyesha mistari iliyonyooka na vituo tu. Wengi wamesema ya kwamba yafanana na mchoro wa saketi. Nasi Nairobi tulipata ya kwetu mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walipotoa ramani ya njia za matatu kwa mistari ya rangi. Atokaye Pipeline kwenda mjini hahitaji kujua kila shimo la barabara. Ahitaji kujua apande gari lipi na abadilishe wapi. Ndivyo ulivyo mchoro wa saketi.

Alama zake si nyingi. Mstari ulionyooka ni waya. Mistari miwili ikikutana pana nukta nyeusi, zimeungwa. Zikipishana pasipo nukta, hazikuungwa. Rezista huchorwa kama kisanduku chembamba, au, katika michoro ya mtindo wa Kimarekani, kama mstari wa meno ya msumeno. Betri ni mistari miwili sambamba, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na ule mrefu ndio upande wa chanya. Swichi ni mstari uliovunjika, kipande chake kimeinuliwa kama daraja. Taa ni duara lenye msalaba ndani. Dayodi, ambayo huruhusu umeme upite upande mmoja tu, ni pembetatu iliyogota kwenye kistari. Na kijitaa cha LED ni dayodi hiyo hiyo, pamoja na vishale viwili vinavyoonyesha nuru ikitoka.

Kando ya kila alama huandikwa herufi na nambari. R1, R2, R3 ni rezista ya kwanza, ya pili na ya tatu, na chini yake huandikwa omu zake. Hapa ndipo penye faida kuu. Rezista ikiungua, rangi zake hupotea. Lakini mchoro haukuungua. Fundi mwenye mchoro asema, “R7 ni omu 10, wati 1,” akaenda dukani akanunua hiyo hiyo. Fundi asiye na mchoro hubahatisha, au hutia waya. Baadhi ya redio za zamani ziliuzwa na mchoro umebandikwa ndani ya sanduku lake; leo michoro ya vyombo vingi hupatikana katika mtandao, hata kwa simu ya mkononi. Kwa hiyo asiyeweza kuusoma hana tena sababu ya kusema ya kwamba haupo.

Sasa na turudi kwenye redio ya yule baba. Umeme wa ukutani katika Kenya ni volti 240. Katika vyombo vingi vya bei nafuu, mahali umeme unapoingilia, huwekwa rezista maalumu ya omu chache ambayo kazi yake ni kama ya fyuzi: mkondo ukizidi, yenyewe huungua na kukata njia, ili vingine vipone. Ni mlinzi aliyewekwa langoni. Mlinzi wa ploti akikutwa asubuhi ameuawa, je, wapangaji husema, “Basi, tuache lango wazi”? Hawasemi hivyo. Huuliza kwanza, ni nani aliyemwua, na je, yungali ndani?

Aghalabu muuaji yumo ndani. Yaweza kuwa dayodi mojawapo imepasuka, ikawa yapitisha umeme pande zote mbili. Au kapasita, kile chombo kiwekacho umeme kama debe liwekavyo maji, imeharibika. Mkondo ukazidi, na rezista ikaungua kwa kutimiza wajibu wake. Fundi akatia waya mahali pake. Waya hauna ukinzani wa maana, wala haukatiki upesi. Ukaruhusu mkondo wote upite. Kile kilichokuwa kimeanza kuharibika kikazidi kuharibika siku mbili, hata siku ya tatu kikawaka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ufa haukuachwa tu, bali ulipanuliwa.

Je, alidanganywa? Sidhani ya kwamba fundi yule alikusudia uovu. Alikijua kipande kilichokufa, lakini hakuijua kazi yake, wala hakutafuta kilichokiua. Kutojua huko, katika mahali kama Pipeline, si jambo dogo. Majumba ni marefu, yamesongamana bega kwa bega, vyumba vimepangana kila ghorofa, na ngazi ya kushukia watu wote aghalabu ni moja. Moto wa chumba kimoja si wa mwenye chumba peke yake.

Jambo hili latufikisha kwenye rezista nyingine, ambayo hakuna aliyeinunua wala kuichora. Mahali popote waya ulipolegea, au ulipofungwa kwa kusokotwa tu, pana ukinzani. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta ampea 8 na zaidi kidogo. Ikiwa maungo ya waya yamelegea hata yakawa na nusu ya omu tu, joto litakalotokea pale, katika nafasi isiyozidi ukucha wa kidole, litapita wati 30. Hiyo ndiyo kadiri ya chuma kidogo cha kulehemu, kile kiyeyushacho risasi! Ndiyo maana plagi ya ekstensheni huwa ya moto, plastiki yake ikageuka rangi, na harufu ikatoka. Tena plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13. Birika la wati 2,000 pamoja na jiko la koili la wati 1,500 kwenye ekstensheni moja huvuta zaidi ya ampea 14. Fyuzi ikikatika, mtu asitie msumari wala karatasi ya fedha ya sigara. Huko ni kumwua mlinzi kwa mkono wako mwenyewe.

Basi, msomaji, upelekapo chombo chako kwa fundi, muulize kwa adabu maswali matatu. La kwanza: kipande kilichoungua ni cha omu ngapi na wati ngapi? La pili: ni kitu gani kilichokiunguza? La tatu: umetia nini mahali pake? Fundi mwema hatachukizwa. Atafurahi kupata mteja afahamuye, naye atakueleza. Asiyeweza kujibu hata moja, mshukuru, uchukue chombo chako uende kwa mwingine. Na rezista ya ulinzi hubadilishwa kwa nyingine ya aina ile ile, isiyoshika moto, wala si kwa yoyote yenye omu sawa. Ama kazi ya nyaya za nyumba, hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya nishati. Mpangaji anayo haki ya kuomba kuiona.

Vijana waliopenda haya ninayoyaandika na waanze na betri, kamwe wasianze na umeme wa ukutani. Chombo kilichochomolewa soketini chaweza kuwa na umeme uliobaki ndani ya kapasita, nao huweza kumpiga mtu vibaya. Betri ya volti 9, rezista chache, vijitaa viwili na kipimo cha umeme chatosha kwa masomo ya miezi mingi. Chora kwanza, fanya hesabu, ndipo uunganishe. Atakayetaka cheti cha ufundi, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa madaraja, hata wale waliojifunza kazi kando ya barabara, nayo makao yake makuu yako Industrial Area, si mbali na Pipeline.

Nawaachia swali la kufanya nyumbani. Mkulima ana betri ya sola ya volti 12, naye ataka kijitaa chekundu cha volti 2 na miliampea 20 kiwe alama mlangoni pa banda la kuku. Ahitaji rezista ya omu ngapi? Tena akumbuke ya kwamba betri ya namna hiyo, ikiwa yatiwa umeme na jua la mchana, hupanda ikapita volti 14. Je, rezista ya robo wati yatosha, au achague ya nusu wati? Chora mchoro wake, andika omu na wati kando ya R1, kisha umpe jirani ausome. Akiweza kuiunga saketi yako pasipo kukuuliza neno, mchoro wako ni mwema. Majibu tutayatoa juma lijalo, pamoja na habari za kapasita.